Chuma Kilichokaa Pajani Tangu Burma

Babangu alikuwa mgema kule Jilore, na siku ya kwanza kunipandisha mnazi nililia kama mbuzi. Akanipigia kelele kutoka chini, "Usitazame mbinguni, wala usinitazame mimi! Tazama kidato kilicho mbele ya pua yako!" Nilishuka na tembo kidogo, nalo nikalimwaga. Lakini hofu iliniishia. Ndiyo maana Wazungu waliponichukua kwenda vitani Burma, vilima havikunitisha. Mvua ndiyo iliyonitisha, na ruba, mdudu yule wa kunyonya damu... basi, leo si habari yake.

Kilima chetu hakikuwa na jina, kilikuwa na namba. Tulikipanda, tukashushwa kwa risasi. Tukapanda tena, tope hadi magotini. Wengi walilala pale. Rafiki yangu Karisa, wa Tezo, alikuwa mbele yangu, kisigino chake puani mwangu, bomu likaanguka. Yeye akafa, mimi nikaingiwa na chuma pajani. Kule juu tulipofika, mimi nikijikokota, hapakuwa na kitu, hata kuni. Baada ya muda tukaambiwa tushuke, tukiache.

Madaktari wa jeshi wakanishona, nikarudi kwetu, nikaoa, nikagema miaka mingi. Miaka ya themanini ndipo paja lilipoanza kuwaka. Likavimba likang'aa, likatoboka. Usaha ulinuka hata kuku wakanikwepa.

Nikasema, huyu ni Karisa. Kwetu aliyekufa husimikiwa koma, kigingi cha kumbukumbu, akamwagiwa tembo. Nikamsimikia, kila jioni namwagia. Mguu ukazidi.

Mke wangu akachoka. "Baba Kadzo, Karisa ana ndugu zake Tezo. Akitaka tembo awapite wao, aje kulala pajani kwako?"

"Nyamaza, wafu wanasikia."

"Na wasikie! Hata wao harufu imewachosha."

Akanipeleka hospitali, mimi natetemeka kwa homa. Daktari akapiga picha, akaitazama sana.

"Mzee, humu mna chuma. Ulikitoa wapi?"

"Kilimani."

Hakucheka. "Nitajaribu kukitoa. Nikikuta mfupa umeoza, nitakata mguu."

"Basi kata kichwa. Mgema wa mguu mmoja ni mnywaji tu."

"Kichwa hakijavimba, mzee."

Nilipozinduka, sikuuliza mtu. Nilipeleka mkono chini ya shuka, nikapapasa paja, goti, nikajaribu kidole gumba. Kikacheza. Nikalia.

"Sasa walia nini?" mke wangu akasema. "Mguu si huo?"

Kupona nako kulikuwa kazi. Shimo walilijaza kitambaa chenye dawa, na kila asubuhi wakikichomoa nilimwita mamangu, naye alikwisha kufa zamani. Nyama ikaota polepole. Nikasimama, nikaanguka, nikasimama.

Namshukuru Mungu, na daktari, na mke wangu mwenye mdomo. Nawe mwenye jeraha la zamani, wafu wamwagie tembo lao, si vibaya. Lakini kidonda kitangulie hospitali.

Siku ya kutoka, daktari alinijia na kibakuli. Chuma kilikuwa ndani, kidogo kama korosho. "Chukua, mzee. Ukumbusho wako."

Nilikitazama, sikukigusa. Nikasema ahsante, nikashika fimbo, nikatoka.

"Mzee! Umesahau chuma chako!"

Sikugeuka. Nikazidi kwenda hadi barabarani, na hospitalini pale sikurudi tena.