Sauti Yangu Mlangoni mwa Maabara

Nilirudi nyumbani Zinga kumuuguza shangazi yangu aliyevunjika nyonga. Masomo ya uzamivu nilikuwa nayasomea ughaibuni, lakini kazi yangu ilikuwa ya kompyuta, na kompyuta nilikuja nayo.

Katika utafiti wetu tulikuwa wawili. Mwenzangu, dada mmoja wa Kihindi, alibaki maabara. Alichukua fuwele, kijiwe king'aavu kidogo kama punje ya mchele, akaipoza kwa baridi kali kuliko barafu yoyote. Katika baridi hiyo umeme hupita ndani ya fuwele kwa namna ambazo wanafizikia wa kwanta, wanaochunguza chembe ndogo kabisa, bado wanabishania. Yeye alipima. Mimi, barazani kwa shangazi, nilipokea tarakimu zikija kwa maelfu, nikazichora ziwe mistari, nikitafuta mpangilio. Kamera ilinionyesha mtambo, na kutwa tulipiga soga kana kwamba tuko jiko moja.

Jumamosi moja alasiri, mstari wa halijoto ukaanza kupanda.

"Baridi inapungua," nikamwambia.

"Nimeona. Nabadilisha mtungi."

Mtungini mlikuwa na naitrojeni, gesi iliyopozwa hadi ikawa kimiminika. Haina sumu wala harufu, ila ikimwagika chumbani huifukuza hewa tunayovuta. Tulifundishwa hilo siku ya kwanza, pamoja na jambo la pili: anayekimbilia kumwokoa aliyeanguka, naye huangukia hapo hapo.

Nikaona ukungu mweupe ukitambaa juu ya meza, mwingi kuliko kawaida. Nikamwita. Akacheka. Nikamuuliza anacheka nini, akaanza kujibu, maneno yakamlegea mdomoni kama mtu aliyelewa, na huyu hajawahi kuonja pombe. Kisha nikasikia kitu kizito kikianguka.

Nikampigia profesa wetu, simu ikaita hadi ikakatika. Basi nikapiga kelele kwenye kompyuta, jina lake na neno "msaada", mpaka mlango wa maabara ukasikika ukifunguliwa. Alikuwa kijana wa chumba cha jirani. Simjui hata leo.

"Yuko chini, namwona," akasema.

"Usiingie."

"Yuko hapa karibu tu."

"Usiingie! Humo hamna hewa. Acha mlango wazi, bonyeza kengele ya moto, kaa mbali."

Alisita. Nilimsikia akihema pale mlangoni, nami nikajua kwamba nikinyamaza tu, ataingia. Nikarudia, nikarudia tena. Mwishowe kengele ikalia.

Shangazi alikuwa amejikokota hadi barazani kwa magongo yake. "Nani huyo unamkataza?"

"Mwenzangu amezimia, shangazi. Nimemzuia mtu asimtoe."

Alinitazama kwa namna ambayo hajanitazama tena. Akaketi, akaanza kusoma Yasini kwa sauti ya chini.

"Usisome hiyo, shangazi, tafadhali. Hajafa."

"Haya, mwanangu. Nasoma Fatiha."

Mstari kwenye kioo uliendelea kupanda. Niliwaza: nimemuua kwa mdomo wangu, nikiwa huku, nimekaa kitako. Zimamoto walipofika niliona mabuti tu yakipita ukunguni, nikasikia kitu kikiburutwa, kisha hakuna aliyekumbuka kwamba nipo. Niliita, nikauliza, hakuna aliyejibu. Shangazi aliswali magharibi amekaa kitini. Mimi nilisimama nyuma yake, nikasahau rakaa.

Profesa alipiga baada ya swala. Anapumua, alisema. Kifaa cha kupima hewa chumbani kilikuwa kibovu, na hakuna aliyejua.

Alipopata nafuu mwenzangu alinipigia mwenyewe. Tulizungumza mambo ya hospitali, chakula chake kibaya, mama yake aliyesafiri kuja. Kisha akauliza, "Ni kweli alitaka kuingia ukamkataza?"

"Kweli."

"Tungekufa wawili," akasema, ila kwa sauti ya mtu anayejisomea sheria. Hakurudi maabara, sasa anafundisha sekondari kwao. Tunasalimiana sikukuu kwa sikukuu.

Mimi nilirudi chuoni shangazi alipoanza kutembea. Vipimo vyote tulivirudia upya, na mtu mwingine ndiye anayebadilisha mitungi. Akiwa ndani nakaa kwenye kompyuta yangu chumba cha pili, namsemesha mambo ya kipuuzi. Anadhani napenda mazungumzo. Kila akicheka, nainuka kwenda kumtazama kupitia kioo cha mlango.