Nilivyoua mashine ya game ya rafiki yangu kwenye garage yetu Milimani

Wakuu, poleni na kazi. Hii nimekaa nayo zaidi ya miaka thelathini, na leo naitoa bila kuongeza chumvi.

Mwishoni mwa miaka ya themanini tulikaa Milimani, Kisumu. Baba alikuwa ofisa wa serikali, kwa hiyo tulipewa nyumba yenye compound kubwa na garage ya mabati.

Jirani yetu alikuwa Hitesh, rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Tulikuwa na miaka kumi na sita.

Hitesh alikuwa na mashine ya game. Si hizi za kuchomeka kwa TV, nasema lile kabati kubwa la kusimama, lenye screen na joystick. Aliitoa hoteli moja iliyofungwa, ikiwa imekufa kabisa. Akaifufua mwenyewe kwa soldering iron, miaka miwili.

Mwezi wa tatu familia yao ikaenda India kumuuguza babu, na nyumba wakairudisha kwa landlord. Mashine akaniachia mimi.

"Weka pahali kavu, lakini usiifunge. Iache ipumue," akaniambia.

Masika ya mwaka huo ilikuwa balaa. Maji yakaanza kuingia chini ya mlango wa garage. Nikaingiwa na hofu.

Ndipo mjomba, kaka yake mama, akatutembelea kutoka Luanda Kotieno, kule ufuoni mwa ziwa. Alikuwa na boti za injini. Injini ikipumzishwa huko, huipaka dizeli na girisi, halafu huizungushia nailoni.

"Okewo," akasema, ndivyo alivyoniita kama mtoto wa dada yake, "chuma ni chuma. Paka dizeli, funga nailoni. Maji itapita wapi?"

Nilikumbuka maneno ya Hitesh, wakuu. Niliyakumbuka vizuri sana. Lakini mama alikuwa amesimama pale, na kwetu mjomba habishiwi.

Tukafungua mgongo wa mashine, tukamwaga dizeli. Mimi na ujuaji wangu nikaongeza girisi hadi kwenye board. Nailoni mara tatu, kamba juu. Nikajiona fundi.

Mwezi wa saba Hitesh akarudi. Nilimkimbilia getini nikicheka.

Tulipokata kamba, harufu tu ilitosha. Jasho lilikuwa limejaa ndani ya nailoni. Mbao zimevimba na kupasuka, ukungu kila mahali, plastiki ya waya imelainika kama chingamu.

Mjomba siku hiyo alikuwepo. Akachungulia, akafurahi kweli kweli: "Lakini angalieni, screw hata moja haijashika kutu!"

Hitesh hakupiga kelele. "Si nilikwambia ipumue?"

"Mjomba alisema..."

Jibu hilo mpaka leo linanichoma. Nilijificha nyuma ya mzee.

Akang'oa joystick, akaifuta kwa shati lake, akaondoka nayo. Wakahamia Nairobi. Nilimwandikia barua mbili, hakujibu hata moja.

Nilichojifunza: kitu cha mtu, mwenyewe ndiye anakijua, hata kama ni kijana na anayekushauri ana mvi. Heshima yangu kwa mjomba ilikuwa woga tu.

Haya, nani mwingine humu ameharibu kitu cha mtu kwa kukitunza? Msinionee huruma, semeni yenu.

Na Hitesh, kama unasoma, usinijibu kwa ustaarabu. Nitukane tu, ndugu yangu. Hicho kimya chako nimeshindwa nacho.