Milonge Kwenye Shamba la Ukoo

Watu wakiniuliza kwa nini niliacha kufuga kuku wa mayai, nawaambia chakula kilipanda bei. Uongo mtupu. Aliyenimaliza ni shangazi yangu, dada yake baba, na alinimaliza kwa panga na jembe.

Baba aliniona nikihangaika na kuku wangu wa kisasa: viini vimepauka, maganda yanapasuka kabla sijafikisha mayai sokoni Mwembesongo. Akanipa kona ya shamba la ukoo wake kule mlimani, tupande milonge ya kuwalisha. Nilisita. Sisi Waluguru ardhi inafuata upande wa mama. Ukiwa mtoto wa mwanamume wa ukoo, unalima mahindi kwenye ardhi ya watu, unavuna, unaondoka. Ukipanda mti wa kudumu, umeshatangaza kwamba shamba ni lako.

"Panda, mwanangu. Mimi si nipo?" akasema. Nikapanda.

Jamani, milonge ile! Nilianika majani kivulini, nikayatwanga, nikachanganya kidogo kidogo kwenye pumba na dagaa. Bwana mifugo alinieleza kwamba majani yale, mbali na kukoleza kiini, yana polifenoli, vitu vinavyozuia mafuta ya yai yasiharibike upesi. Akanionya nisizidishe, kuku wasije wakasusa kwa uchungu wake. Viini vikawa vya njano ya kupendeza, na mama mmoja wa chipsi mayai hakutaka tena mayai ya mtu mwingine.

Kisha baba akafariki. Hata matanga hayajaanuliwa vizuri, shangazi na wanawe wakapanda mlimani, wakakata milonge yote na kung'oa visiki.

"Tulikuachia kwa sababu ya kaka yangu," aliniambia nilipomfuata. "Sasa unataka kutunyang'anya?"

Mimi! Niliyemuuguza huyo kaka yake peke yangu mpaka pumzi ya mwisho, yeye akileta pole tu! Na baba naye namlaumu, Mungu anisamehe. Mila alizijua kuliko mimi, akanipandisha miti kwa kutegemea uhai wake.

Majani ya kununua yalinishinda. Kuku wakarudia chakula kitupu, viini vikapauka, mama wa chipsi akahamia kwa mwingine.

Siku moja shangazi akabisha hodi nyumbani kwangu, nyumba ya kupanga. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasema ana wageni, anataka mayai.

"Ila yale niliyochukua kwako juzi kiini cheupe, hata wajukuu wamecheka. Si upande milonge mingine?"

"Nipande wapi, shangazi?"

Akautazama ua wangu, saruji tupu mpaka ukutani. Nilidhani ataona haya.

"Basi nipe hayo hayo. Na usiniuzie, mwanangu. Kaka yangu hayupo, sasa baba yako ni mimi."

Nikampa trei nzima. Kesho yake nikauza kuku wote.