Daftari la Pumzi Zangu

Mwaka 1991 nilikuwa na miaka kumi na saba, nakimbia mita elfu moja na mia tano, na nina pumu. Tulikaa Gikondo, mtaa wa mji mkuu wa Rwanda, nyuma ya maghala ya kahawa. Baba alikuwa mtu wa Kigoma, fundi wa malori kwenye gereji ya hapo jirani, kwa hiyo nyumbani tulisema Kiswahili na nje ya lango Kinyarwanda. Msimu wa kukoboa kahawa, vumbi la makapi lilitua juu ya nguo tulizoanika, na mimi nililala nimeketi, mito miwili mgongoni.

Mama aliamini mtoto wa pumu hakimbii. Nilijiunga na klabu ya wafanyakazi wa maghala bila kumwambia, na mazoezi yakiisha nilijificha nyuma ya ukuta wa stoo kukohoa mpaka kifua kitulie. Huko ndiko mwalimu wetu alikonikuta.

Alikuwa muuguzi kwenye zahanati ya watawa chini ya kilima, mwanamume wa miaka arobaini hivi, mkimbiaji wa zamani. Mtaa mzima ulimwita muganga ingawa hakuwa daktari.

"Kifua iko namna gani?" aliniuliza.

"Iko sawa, muganga."

"Haiko sawa. Naisikia inapiga filimbi mpaka hapa."

Nilijua atanifukuza. Badala yake, jioni ile alikuja nyumbani, akaketi na mama, akanywa chai, akamweleza kwamba mtu wa pumu anaweza kukimbia kama anaijua pumu yake na kama watu wanaomfundisha wanaijua pia. Mama alikuwa amekasirika kwamba nilimficha, lakini alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na akianguka?" aliuliza.

"Akianguka nitakuwa hapo, mama. Lakini tutafanya kazi asianguke."

Tukafanya kazi. Wenzangu walipoanza kukimbia, mimi nilitembea kwanza, kisha nikaenda mwendo mdogo wa robo saa, kifua kipate moto polepole. Kabla ya hapo nilivuta dawa ya kupuliza, ile ya kichupa tulichokiita pompu, aliyonipatia kwa watawa. Siku za vumbi nilifunga kitambaa chenye maji puani. Siku za mafua sikukimbia kabisa, hata nikililia. Na kila asubuhi, kabla ya shule, nilipita zahanati kupuliza bomba la plastiki lenye mshale pembeni. Unavuta pumzi, unaipuliza yote kwa mara moja, mshale unasogea, unasoma namba. Ikiwa kubwa, njia za hewa ziko wazi. Ikishuka, zinaziba, hata kama mwenyewe bado hujasikia kitu.

Namba tuliziandika kwenye daftari la shule. Upande wa kushoto aliandika yeye, upande wa kulia niliandika mimi jinsi nilivyolala na nilivyojisikia.

"Siku mbaya usinifiche," aliniambia. "Hii kitabu ni ya wewe na mimi tu."

Sikumficha. Miezi ya kwanza namba zilikuwa mia mbili themanini, mia tatu, na siku moja mia mbili arobaini, akanirudisha nyumbani bila kunigusisha uwanja. Ukurasa wa siku ile niliandika kwamba niliamka mara tatu na kwamba niliogopa kufa. Sikuwahi kumwambia mtu mwingine neno hilo, hata mama.

Baada ya nusu mwaka nilipuliza mia nne na ishirini. Tulianza kupanda kilima cha Rebero, wakati ule nyumba zikiwa chache na mikaratusi mingi. Vita vilikuwa kaskazini, na barabarani askari walitaka kuona karatasi, kwa hiyo muganga alitembea na orodha ya majina yetu yenye mhuri wa klabu. Kwenye mwinuko alikimbia nyuma yangu akisikiliza. Nikianza kutoa mlio, aliniita nisimame, na nilisimama. Sikuwahi kumtii mtu namna ile.

Kwake alikuwa akiishi mtoto wa kaka yake, msichana wa umri wangu, ambaye alikimbia nasi. Tulikula mahindi ya kuchoma pamoja, na nilipokuwa uwanjani yeye ndiye aliyenishikia pompu. Alikuwa na mbio nzuri, ila siku zote alifika nyuma yangu kidogo.

Mwaka uliofuata klabu ilialikwa Bujumbura, kwenye mashindano ya vilabu. Wasichana wawili tu wangekwenda kwa umbali wetu. Siku ya kuchagua nilikuwa wa pili, na mtoto wa kaka yake wa tatu, hatua kama ishirini nyuma. Muganga alinipulizisha bomba palepale. Mia nne na kumi.

"Umefanya vizuri, binti," alisema, na akanipiga begani.

Jumatatu orodha ilibandikwa kwenye mlango wa ghala. Msichana aliyetangulia alikuwepo, na wa pili alikuwa mtoto wa kaka yake muganga. Nilidhani karani amekosea. Nikaenda kwa mwenyekiti wa klabu, mzee aliyesimamia stoo, nikamsalimu, nikamwuliza. Hakukasirika. Alifungua droo, akatoa bahasha, akaniwekea karatasi mezani moja baada ya nyingine.

"Hii ni maandishi ya wewe?"

Yalikuwa yangu. Kurasa za daftari, zimekatwa vizuri kwa wembe. Juu yake ilikuwa barua ya Kifaransa kwa mwandiko niliouona kila asubuhi, ikisema kwamba yeye kama mtu wa afya hawezi kukubali msichana huyu asafiri akashindane mbali na matibabu, na kwamba ushahidi umeambatishwa. Ule ukurasa wa kuogopa kufa ulikuwa katikati, mstari umepigwa chini ya maneno yangu kwa kalamu nyekundu.

Nikapekua. Zilikuwa kurasa za miezi minne ya kwanza.

"Na nyingine?" nilimwuliza.

"Nyingine zipi?"

"Za baadaye. Za mwaka huu."

"Mimi nilipewa hizi," alisema mwenyekiti. Kisha akaongeza, kwa huruma kabisa, "Afya ni ya kwanza, mwanangu."

Nikaenda zahanati. Muganga alikuwa akichemsha sindano, na aliponiona alijua.

"Nilitaka kukulinda," alisema.

"Jumamosi uliniambia nimefanya vizuri."

Akapunguza moto wa jiko.

"Kama ni hatari, mbona ulinikimbiza? Kama si hatari, mbona uliandika?"

Aliinua kifuniko cha sufuria, akakirudisha. "Yule hana mtu," alisema hatimaye. "Baba yake amekufa. Wewe una baba, una mama, una shule. Kule kuna watu wa vilabu vikubwa, wanaweza kumwona wakamchukua."

"Si ungeniomba?"

"Ungekubali?"

Sikujua. Nimewaza swali hilo miaka mingi, na kuna siku naona kwamba ningekubali. Ningelia, lakini ningekubali, kwa kuwa nilimpenda yule msichana na nilikuwa tayari kufanya karibu kila alichoniambia muganga. Hakunipa nafasi hiyo. Alichukua hofu yangu, ambayo mwenyewe alikuwa ameniambia niiandike, akaenda nayo kwa watu.

Baba alitaka kwenda kumkamata shati. Mama akamzuia, akasema tu, "Alikunywa chai yangu." Yule mtoto wa kaka yake muganga alikuja kabla ya safari, akaapa kwamba hakujua lolote. Nilimwamini nusu. Alikwenda Bujumbura, akakimbia, akarudi, na hakuna klabu kubwa iliyomchukua.

Kilichofuata ni kosa langu, na sitaki kumbebesha muganga lote. Nilijiunga na timu ya kanisa, upande wa pili wa Gikondo, na mwalimu wa huko aliponiuliza kama nina ugonjwa wowote nilisema sina. Niliacha pompu nyumbani isije ikaonekana. Wenzangu walipoanza kukimbia nami nilianza, bila kutembea kwanza. Kitambaa cha puani nilikiacha pia. Nilijiambia kwamba asiyejua hawezi kuandika barua.

Iliendelea hivyo miezi kadhaa, mpaka msimu wa kahawa. Tulikuwa tunapanda Rebero asubuhi yenye vumbi. Katikati ya kilima nilianza kutoa mlio, na mwalimu, ambaye kwa jinsi alivyojua mimi ni mzima, aliniambia nisikate tamaa, kilele kiko karibu. Nikaongeza mwendo. Baada ya hapo nakumbuka mchanga wa barabara ukiwa karibu sana na jicho langu, na hewa ikiingia kama kwa tundu la sindano. Gari la mkaa lilinibeba, na dereva akanipeleka alikokujua, zahanati ya watawa. Muganga alikuwa zamu.

Alinikalisha wima, akanichoma sindano, akanishikia dawa mdomoni akihesabu pumzi zangu kwa sauti ndogo. Nilipoanza kupata hewa, alileta bomba.

"Puliza."

Nikapuliza. Mshale ulisogea kidogo sana. Akavuta karatasi, akashika kalamu.

"Usiandike," nilisema.

"Lazima wa zamu ya usiku ajue."

"Nitamwambia mwenyewe."

Akaweka kalamu. Alisimama pale, koti jeupe limeingia vumbi la mkaa kwa kunibeba. "Lakini kwa nini ulificha?" aliuliza. "Nilikufundisha usifiche."

Nilimtazama. Sikuwa na pumzi ya maneno mengi, na hata ningekuwa nayo nisingeitumia. Nilimtazama mpaka akageuka akatoka.

Nilipopona nilimwambia ukweli mwalimu wa kanisa. Alikasirika sana, na alikuwa na haki. "Ungekufa mikononi mwangu," alisema, "na mimi ningekuwa nakusukuma." Baada ya wiki mbili alinipokea tena, kwa masharti: pompu mfukoni, nianze polepole, na nikiguswa na mafua nibaki nyumbani. Nilimweleza yote aliyohitaji kujua, kwa mdomo. Nilikimbia naye mwaka mmoja zaidi, bila kushinda chochote kikubwa.

Januari 1994 kazi ya gereji ilikuwa imekufa na baba aliona hali ya mji imebadilika. Tulifunga mizigo twende kwa ndugu zake Kigoma. Siku ya kuondoka muganga alikuja langoni na boksi dogo la vidonge, kwa ajili ya njiani. Mama alilipokea, akasema asante, wala hakumkaribisha ndani. Mimi nilikuwa chumbani nakunja mapazia, na nilimsikia akiuliza kama nipo. Mama akasema nipo. Alingoja kidogo, kisha akaenda.

Miezi mitatu baadaye tulikuwa Kigoma tukisikiliza redio ikitangaza mauaji ya Rwanda. Watu wa Rwanda walipoanza kuvuka mpaka, baba alikwenda kwenye kambi ya wakimbizi kuuliza habari za Gikondo, akarudi na majina machache ya waliokuwa hai na mengi ya waliokufa. La muganga halikuwemo upande wowote, wala la mtoto wa kaka yake. Juma lililofuata nilikwenda mwenyewe. Nilimpata mama mmoja aliyewahi kuuza mboga karibu na zahanati, nikamwuliza habari za muganga. Alisema milango ilivunjwa na hakuona mtu. Akaniuliza muganga alikuwa nani wangu. Nikamwambia alinifundisha kukimbia.