Kilichotundikwa Juu ya Kichwa cha Ilunga

Harufu ya kutu na udongo uliolowa ndiyo harufu ya utoto wangu. Wengine watakusimulia habari za maandazi. Mimi nilikua na kutu viganjani. Baba, Mluba wa kaskazini aliyekuwa akifanya kazi kwenye reli, alitupatia sumaku nzito, tukaifunga kamba, tukawa tunaiburuta kwenye mchanga wa mto Naviundu kuokota misumari ya kuwauzia mafundi. Mji wetu bado uliitwa kwa jina la wakoloni, Elisabethville, na dohani la kiwanda cha shaba lilitutemea moshi mkali hata sombe ya mama, majani yake ya muhogo, ilikuwa na ladha yake. Nilisoma madarasa mawili tu na sioni haya kusema. Nyumba yangu ya matofali hapa Kampemba nimeijenga kwa kuuza samaki wakavu, na mwalimu wangu wa kwanza wa biashara alikuwa ile sumaku.

Mwaka mmoja, mvua zilipokuwa zikiisha, ukingo wa mto ulimeguka. Sumaku ikanasa msumari mkubwa, nikachimba kwa vidole kuung'oa, na chini yake nikakuta kitu kingine, kizito, cha kijani kama ukungu wa mkate, chenye mikono minne. Nikakisogezea sumaku, haikukitaka. Wenzangu wakacheka. "Tupa. Kama sumaku imekataa, nani atakitaka?" Mimi sikuzoea kutupa kitu. Mama alikisugua kwa majivu na ndimu, kikatoka chekundu, shaba tupu. Sisi tulikuwa Wakatoliki wa rozari kila jioni, na mdogo wangu Ilunga, ambaye hakuwa ametimiza mwaka, alikuwa akiungua kwa homa ambayo dawa za zahanati hazikuishusha. Mama alipoiona ile mikono minne, alipiga magoti. "Mungu ametuma musalaba yake," akasema. Baba alijiuliza tu ni mzungu gani aliyeangusha shaba mtoni, maana kwake shaba ilikuja na wazungu. Akakifunga kwa waya, akakitundika ukutani juu ya kichwa cha mtoto.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nkambo, yaani bibi yetu, mama mzaa baba, alikuja kwa treni kumwona mgonjwa. Aliingia na kuku kwapani, akatazama ukuta, na kuku akamponyoka.

"Ni nani alikufa mu hii nyumba?"

"Hakuna muntu alikufa, mama," baba akajibu. "Ile iko musalaba."

"Musalaba ya wapi? Kwetu, ziwa ikikula ukingo, bantu ya zamani banatoka na hii ku kifua. Munaweka kitu ya kaburi ku kichwa ya mutoto?"

Mama alimnyakua Ilunga kitandani akatoka naye nje bila viatu, akasimama uani amembana kifuani. Baba alibaki mlangoni. "Lakini shaba bazungu ndio balileta, mama. Bantu ya zamani bangeipata wapi?"

"Kumbe reli inafundisha na uongo. Nkambo yangu mwenyewe balimulipia mahari na hizi. Bazungu balifika, bakakuta majivu yetu ya kuyeyushia shaba ingali ya moto." Kisha akanigeukia mimi. "Na weye, chini yake ulikuta nini?"

Nikamwambia ukweli: vijiti vyeupe, vyembamba, nilidhani ni mizizi. Nikatazama vidole vyangu, na mpaka leo sijui neno la Kiswahili linalotosha kwa nilichokiona pale. Vilikuwa vidole vyangu vile vile, vilivyochimba katikati ya mifupa ya mtu.

Jua lilikuwa bado juu Nkambo aliponishika mkono tukarudi mtoni na ile shaba. Alitaka nikilaze mwenyewe pale pale nilipokitoa. Alizungumza Kiluba na huyo aliyelala chini, polepole, kama unavyomrudishia jirani kiti alichokuazima, kisha tukafukia. Homa ya Ilunga ilishuka wiki ile ile. Mama akasema ni rozari, Nkambo akasema ni kurudisha cha wenyewe, nesi akasema ni kwinini. Wamekufa bila kupatana. Ila asubuhi baada ya kukifukia nilimwona baba amesimama njiani anatazama lile dohani, na akachelewa kazini, yeye ambaye hakuwahi kuchelewa.

Leo Ilunga ni mzee mwenye kipara anayelalamikia chumvi. Malori ya shaba kutoka machimbo ya Kinsevere yanatikisa sahani zangu kabatini, na vijana wananunua mashine za kutafuta madini, zinazolia zikipitishwa juu ya ardhi. Sumaku yetu ilikuwa na kiburi, ilichagua chuma peke yake. Hizi zinalilia chochote. Juzi mjukuu wangu aliingia na furaha zake, akaweka mezani kitu cha kijani chenye mikono minne.

"Nkambo, hii iko nini? Kuna muntu anataka kuinunua."

Yeye amesoma hadi chuo kikuu, na simu yake inajua kila kitu. Sikumwambia jina la kitu kile wala bei yake. Nilimuuliza, "Chini yake ulikuta nini?"

Akatazama vidole vyake.

Nikanyanyuka kutafuta viatu vyangu, tukirudishe jua likiwa bado juu.