Maili Ambazo Mita Haikuhesabu

Juzi mjukuu wangu alikuwa amelala chali chini ya pikapu yake kuukuu, hapa nyumbani Molo, miguu nje kwenye nyasi, akiitukana kebo ya mita. Gari inabeba viazi vizuri tu, ila mshale wa spidi umelala kwa sifuri. Akaniambia, "Shosho, hii kitu ni kichwa ngumu. Wacha nitoe, nitupe." Nikamwambia asithubutu. Alishangaa mtu mzima kukasirika hivyo kwa sababu ya waya. Basi keti nawe nikueleze.

Kebo kama hiyo naijua tangu meno yangu ya mbele yalipokuwa yaking'oka. Baba alikuwa dereva wa mzungu mwenye shamba, huku huku juu. Asubuhi alipeleka maziwa stesheni, mchana pikapu ya shamba inarudi bandani, ikinuka maziwa yaliyochacha na magunia mabichi. Na kila jioni mzungu alikuja, akainama dirishani, akasoma maili. Hakuandika popote. Alizishika kwa kichwa. Dereva aliyemtangulia baba alipitia njia ya mbali kumletea mkewe unga, na jioni hiyo hiyo sufuria zao zikawa barabarani. Nyumba zilikuwa za shamba. Ukikosa kazi, umekosa paa. Nyanya alizoea kusema, anayelala kwa nyumba ya mtu mwingine hukohoa polepole.

Siku mama aliposhikwa na uchungu, mzungu alikuwa ameenda Nakuru na gari lake lingine. Ilikuwa asubuhi ya Jumapili, siku stesheni haipokei maziwa, ukungu wa milima ya Mau umeshuka mpaka mlangoni. Nyanya akampapasa mama tumbo, akasema mtoto amekaa vibaya, huyu si wa kuzaliwa nyumbani. Tukamkokota mama hadi bandani. Nilidhani baba atawasha gari. Hakuwasha. Alichukua spana, akaingiza kichwa chini ya dashibodi, akaanza kuifungua kebo, mita isihesabu. Nati ilikuwa na kutu. Mama alishika mlango wa gari akilia, na nyanya akasema, "Wewe, wachana na hiyo waya." Spana ikamteleza baba, akaanza tena.

Kebo ilipoachia tukaondoka, na mtoto akazaliwa njiani, hospitali haijaonekana. Mvulana. Hakulia.

Mama akabaki hospitali, sisi tukarudi mbio, maana mzungu naye alikuwa njiani. Sasa kebo ikakataa kurudi. Ncha ya ile waya ya ndani ina pembe nne, na lazima iingie kwa tundu la pembe nne nyuma ya mita, mahali mkono mpana wa baba haukupita. Baba akaniita. Nikajikunja chini ya dashibodi, yeye akisukuma gari polepole ili waya izunguke. Niliisikia kwa kidole ikizunguka, ikikwaruza, haiingii.

"Usilie," baba alisema kutoka nje. "Sukuma ndani."

Nilisukuma mpaka vidole vikachubuka. Ikaingia, nikakaza nati. Kisha nikaosha matope kwa magurudumu, maji baridi ya kukata mfupa, nikaosha na kiti alichokalia mama.

Jioni mzungu akaja, akainama, akasoma. Akampiga baba begani, akamwambia vizuri, gari leo imepumzika. Baba akasema, "Ndiyo, bwana."

Nilimkasirikia baba miaka mingi. Nilipopata watoto wangu wa kulaza chini ya paa, hasira ikamwacha, ikaenda kwa mwenye nyumba, yule mzungu. Watu wa kanisa huniambia uzee ni wakati wa kusamehe. Nawasikia. Lakini niende kumsamehe wapi? Alirudi kwao zamani. Shamba limekatwa ploti, banda lilibomolewa, pale kuna kabichi. Nyanya hayuko, baba na mama hawako. Hata magari mapya siku hizi hayana kebo.

Basi hiyo juzi nilijaribu kumsaidia mjukuu. Mkono haukupita, viungo vimevimba. Nikamwambia akaite jirani asukume gari, yeye mwenyewe aisikilize waya kwa kidole. Ikaingia. Akacheka, akafuta mikono.

Nikapanda mbele, nikamwambia, "Nipeleke hospitali."

"Shosho, unaumwa?"

"Siumwi. Pitia barabara ya zamani. Nataka kuiona mita ikihesabu."

Akawasha gari. Niliziangalia zile namba zikigeuka moja moja, njia yote, mpaka getini.