Mashairi ya Ngamia

Karani wetu wa kompyuta pale Dadaab, mwaka wa tisini na nane, hakuwa akigusa kitufe bila kunong'ona bismillahi. Alishinda kutwa akihangaika kuweka mfumo huria wa kuendesha kompyuta aliopewa kwenye sidii. Kipanya kiligoma, maswali ya Kiingereza hayakuisha, akachoka, akayajibu yote "ndiyo", kama anavyowajibu wakubwa. Moja liliuliza kama diski nzima ifutwe. Humo mlikuwa na mashairi ya ngamia ya mama yake, aliyoyachapa kabla mama hajayasahau.

Mama alipokuja kusomewa, karani aliikazia macho skrini tupu, kidole kikifuata mistari isiyokuwepo, akakariri aliyoyakumbuka. Alipokwama, akaunga ya kwake.

Mama akauliza, "Hayo ya mwisho niliyatunga mimi kweli?"

"Ndiyo, hooyo," alijibu mwanawe.